Jeshi Lilipoondoka, Vijana Wakaingia

Juma hili naomba tutoke kidogo katika habari za bei za vyakula na vikao vya wakubwa, twende katika nchi za theluji. Najua wapo watakaoguna. Theluji yatuhusu nini sisi ambao barafu twaijua ya ndani ya gilasi? Jawabu langu ni kwamba habari yenyewe si ya theluji. Ni habari ya bunduki na vijana, na ya watu wazima wanaoamua bunduki hiyo ifanye kazi gani mikononi mwa vijana hao. Jambo hilo halichagui nchi ya joto wala ya baridi.

Kuna mchezo uitwao biathloni. Mchezaji huvaa miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba za kutelezea, ziitwazo skii, akashika fimbo mbili mikononi, na mgongoni akabeba bunduki isiyopungua kilo tatu na nusu. Huteleza kilomita kadhaa kwa nguvu zake zote, akipanda vilima na kushuka, kisha hufika kwenye uwanja wa shabaha moyo ukimdunda. Hapo sharti atulie. Hulala kifudifudi akapiga risasi tano, na katika duru nyingine hupiga tano amesimama. Shabaha zi mita 50 mbele yake. Ile ya kupigwa kwa kulala ina upana wa milimita 45, sawa na mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Ile ya kupigwa kwa kusimama ina milimita 115. Akikosa, ana adhabu. Katika mashindano mengine huzungushwa mita 150 za ziada kwa kila risasi iliyopotea, na katika mengine huongezewa muda kwenye saa yake.

Kama wataka kuuelewa ugumu wake, mwambie mtu apande ngazi mbio mpaka ghorofa ya kumi, kisha akifika juu mpe uzi na sindano, umwambie atunge. Ndiyo biathloni. Mwenye mbio asiye na utulivu hushindwa, na mwenye utulivu asiye na mbio hushindwa vilevile.

Mchezo huu una mashindano yake ya dunia kwa watu wazima, na una Michuano ya Dunia ya Vijana, inayowakutanisha wavulana na wasichana ambao hawajaingia daraja la wakubwa. Hiyo michuano ya vijana ndiyo ninayotaka tuitazame leo, maana katika historia yake fupi kuna mafunzo ambayo katika mashindano ya wakubwa hatuyaoni vizuri.

Tuanze na asili. Biathloni haikuzaliwa uwanjani. Ilizaliwa jeshini. Mwaka 1767 askari waliolinda mpaka wa Norway walishindanishwa kuteleza na kupiga shabaha, na haya huhesabiwa miongoni mwa mashindano ya mwanzo kabisa ya namna hiyo yanayojulikana. Mwaka 1861, katika wilaya ya Trysil, hukohuko Norway, wananchi walianzisha chama cha kuteleza na kupiga shabaha, na nia yake ilikuwa kuwaandaa watu kulinda nchi yao. Katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1924, iliyofanyika Chamonix, Ufaransa, palikuwa na mashindano ya doria ya kijeshi. Hao walikuwa askari hasa, waliokwenda kwa vikundi, na ushindi ulichukuliwa na Uswisi.

Wala haikuwa michezo ya gwaride tu. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Kisovieti yaliivamia Finland. Katika misitu iliyofunikwa na theluji, askari wa Finland waliokuwa juu ya skii waliyasumbua mno majeshi hayo makubwa kwa zaidi ya miezi mitatu, mpaka mapatano ya Machi 1940. Ujuzi huu huu wa kuteleza kimyakimya, kusimama, kutuliza pumzi na kufyatua, ndio uliowaua watu kwa maelfu katika msitu ule. Nalisema hili mapema ili tusijidanganye. Tunapomwona msichana wa miaka kumi na minane amelala juu ya theluji akilenga shabaha nyeusi, tunamwona akifanya kitu ambacho kwa asili yake ni kazi ya vita.

Baada ya Vita Kuu ya Pili dunia ilichoka na sare za kijeshi. Doria ya kijeshi ilionekana kwa mara ya mwisho katika Olimpiki ya mwaka 1948. Lakini mchezo wenyewe haukufa, ulibadilishwa mavazi. Mwaka 1958, mjini Saalfelden, Austria, yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya biathloni, kila mtu akijitegemea, si kikosi. Mwaka 1960 biathloni iliingia Olimpiki huko Squaw Valley, Marekani. Medali ya dhahabu aliichukua Klas Lestander wa Sweden. Hakuwa mwepesi kuliko wenzake wote, walikuwapo wenye mbio kumzidi, ila yeye alipiga risasi 20 na zote 20 zikaingia.

Hata hivyo, jeshi lilikuwa limebadilisha jina tu. Bunduki zilikuwa za jeshi au jamaa zake, zenye risasi kubwa na kishindo kikubwa, na shabaha nyingine ziliwekwa mbali hadi mita 250. Mtu wa kawaida angezipata wapi bunduki hizo? Angezipata wapi risasi za kufanyia mazoezi kila siku? Na kijiji gani kingekuwa na eneo tupu kiasi hicho bila kuhatarisha watu na mifugo? Kwa wengi, njia ya kuingia katika mchezo ilipitia kwenye lango la kambi.

Ndipo tunapofika mwaka 1967. Mwaka huo mashindano ya dunia yalifanyika Altenberg, mji mdogo wa machimbo ya bati uliokuwa Ujerumani Mashariki, karibu na mpaka wa Chekoslovakia. Hapo, kwa mara ya kwanza, vijana walipewa ubingwa wao wa dunia. Kwa nini? Kwa maoni yangu haikuwa huruma kwa vijana peke yake. Nchi zilikuwa zimegundua kwamba ujuzi huu hauokotwi ukubwani. Lazima upandwe mapema, na ukipandwa mapema lazima uwe na mahali pa kupimwa. Zama zile za uhasama baina ya Mashariki na Magharibi, medali ilihesabiwa kama ushahidi kwamba serikali fulani ni bora kuliko nyingine, na kijana alikuwa mtaji.

Ujerumani Mashariki ilijua jambo hilo kuliko wengi. Ilikuwa na shule maalumu za michezo kwa watoto, na ilikuwa na klabu kubwa mbili za dola, Vorwärts ya jeshi na Dynamo ya polisi na usalama. Mtoto mwenye kipaji alitambuliwa mapema, akalelewa, akalishwa, akasomeshwa, akafundishwa na walimu wenye ujuzi wa hali ya juu. Mabingwa walitoka kweli. Frank Ullrich alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1980, na Frank-Peter Roetsch akachukua mbili mwaka 1988. Anayesema mpango ule haukuzaa matunda hasemi kweli.

Lakini mti ule ulikuwa na matunda mengine pia. Tangu miaka ya 1970, chini ya mpango wa siri wa serikali, wanamichezo wengi wa nchi hiyo katika michezo mbalimbali, wakiwamo wasichana wadogo, walipewa vidonge vya kuongeza nguvu, na wengi wao waliambiwa kuwa ni vitamini. Madhara yake yaliwafuata utu uzimani. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa Ujerumani Mashariki, kwa kushiriki katika kuwadhuru wanamichezo, akapewa kifungo cha nje cha miezi 22. Wakati huo nchi yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka kwenye ramani miaka kumi. Machimbo ya bati ya Altenberg nayo yalifungwa mwaka 1991. Serikali ilikwenda zake na medali zake, lakini wale waliomeza vidonge wakabaki na miili yao.

Basi, wasikilizaji, kuwapa vijana ubingwa wao hakutoshi. Swali ni nani anauandaa, na kwa faida ya nani.

Badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuja mwaka 1978, na wala halikupigiwa tarumbeta. Viongozi wa mchezo waliamua kuacha bunduki za risasi kubwa na kutumia bunduki ndogo ya inchi nukta ishirini na mbili, ile inayotumiwa na wapiga shabaha wa kiraia. Umbali wa shabaha ukashushwa mpaka mita 50. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Lake Placid, zikatumika shabaha za chuma ambazo zikipigwa zinageuka kutoka nyeusi kuwa nyeupe, na watazamaji wakajua papo hapo nani kapata na nani kakosa.

Mtu anaweza kusema hilo ni jambo la mafundi. Hebu litazame kwa makini. Bunduki ndogo haimpigi mpigaji begani kwa teke la kumtia hofu. Risasi yake ni rahisi, hivyo kijana aweza kufanya mazoezi kila jioni bila ya kuifilisi familia au klabu. Uwanja wa mita 50 waweza kujengwa kando ya kijiji, ukawekewa ukuta wa udongo nyuma yake. Na muhimu zaidi, bunduki hii haikuwa tena silaha ya askari wa miguu wa jeshi lolote. Kwa uamuzi mmoja, mchezo uliondolewa kambini ukapelekwa shuleni. Wasichana, ambao kambi ile haikuwa yao, nao wakaingia. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza ya dunia mwaka 1984 huko Chamonix, mji uleule wa doria ya kijeshi ya 1924, na wakaingia Olimpiki mwaka 1992.

Pamoja na bunduki hiyo zilikwenda sheria kali. Mdomo wa bunduki iliyobebwa mgongoni lazima uelekee juu. Risasi haiingizwi ila mchezaji akiwa kwenye uwanja wa shabaha. Anayeishika bunduki kwa namna ya kuhatarisha watu huondolewa mashindanoni, hata awe bingwa wa namna gani. Katika nchi nyingi watoto wadogo hawabebi bunduki mgongoni kabisa. Huanza na bunduki za upepo chini ya macho ya mwalimu. Kijana anajifunza kulenga, lakini anajifunza kwanza wakati wa kutolenga. Hilo ni somo, na hakulipata kwa bahati. Watu wazima waliketi, wakajadiliana, wakaliandika.

Matunda yake tuliyaona. Mwaka 1993, huko Ruhpolding, Ujerumani, kijana wa miaka 19 kutoka Norway, Ole Einar Bjørndalen, aliyelelewa shambani katika kijiji cha Simostranda, alichukua ubingwa wa dunia wa vijana mara tatu katika michuano ileile. Mwaka 1998 alishinda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Nagano, Japani. Mwaka 2002, huko Salt Lake City, alishinda mashindano yote manne aliyoweza kushinda. Mwaka 2014, akiwa na miaka 40, alishinda tena huko Sochi na kufikisha dhahabu nane. Safari ya miaka zaidi ya ishirini ilianzia kwenye michuano ya vijana.

Na hapo Nagano, Afrika Mashariki ilikuwapo. Wengi wenu mnamkumbuka Philip Boit wa Kenya. Yeye hakucheza biathloni, alishiriki mbio za kuteleza bila bunduki, kilomita 10. Alikuwa mkimbiaji mzuri, tena wa ukoo wa wakimbiaji, maana Mike Boit aliyepata shaba ya mita 800 mwaka 1972 ni mjomba wake. Lakini skii alizivaa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, miaka miwili tu kabla ya Olimpiki hiyo. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Dunia iliipenda hadithi hiyo, nami naipenda. Ila tusiache kuusoma upande wake wa pili. Mapafu ya Boit hayakuwa na kasoro. Alichokosa ni miaka kumi ya utotoni juu ya theluji, na miaka hiyo haiuzwi dukani.

Sasa nawaombeni twende mahali ambapo habari hii yote, ya jeshi, ya vijana na ya watu wazima, inakutana katika shamba moja la viazi.

Kaskazini kabisa ya jimbo la Maine, Marekani, karibu na mpaka wa Kanada, iko Kaunti ya Aroostook. Ni nchi ya wakulima wa viazi mviringo. Kwa vizazi vingi shule za huko zilikuwa zikifungwa kwa majuma kadhaa kila msimu wa mavuno ili watoto waende shambani kuokota viazi. Mwaka 1870 walifika huko wahamiaji kutoka Sweden, wakaanzisha kijiji wakakiita New Sweden, na katika mizigo yao ya akili walileta ujuzi wa kuchonga skii. Walizitumia kama sisi tunavyotumia baiskeli, kwa kwendea kwa jirani, shuleni na kanisani.

Kisha likaja jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili uwanja wa ndege wa mji wa Presque Isle ulikuwa kituo cha ndege za kivita zilizokuwa zikienda Ulaya. Baada ya vita, mji huo ukawekewa makombora yaitwayo Snark, na kambi yake ikafungwa mwaka 1961. Jirani yake, Limestone, palikuwa na kambi kubwa zaidi ya jeshi la anga, iliyoitwa Loring, yenye ndege za B-52 za kubeba mabomu ya nyuklia. Ilijengwa pale kwa sababu moja: pembe ile ya Marekani iko karibu zaidi na Ulaya, na kwa hiyo karibu na Urusi ya Kisovieti. Mkulima wa viazi alilala usiku akijua kwamba vita vikianza, ndege zitaruka juu ya paa lake.

Ndege hazikuruka. Vita baridi vilikwisha, na tarehe 30 Septemba 1994 Loring ikafungwa. Ilikuwa habari njema kwa dunia, lakini kwa Aroostook ilikuwa msiba wa aina yake. Askari waliondoka na familia zao, na pamoja nao wakaondoka wanunuzi, wapangaji wa nyumba, wanafunzi wa shule. Mwaka 1990 kaunti ilikuwa na watu karibu 87,000. Mwaka 2000 walibaki chini ya 74,000. Waliobaki walijiuliza swali ambalo wakazi wa mji wowote uliotegemea kiwanda kimoja, mgodi mmoja au bandari moja hujiuliza: watoto wetu watabaki hapa wafanye nini?

Mwaka 1999 wenyeji wakashirikiana na mfuko wa hisani wa jimbo lao uitwao Libra, ulioanzishwa miaka kumi kabla yake na mama mmoja tajiri, Elizabeth Noyce. Wakaanzisha kituo cha michezo ya majira ya baridi. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Theluji tunayo bure, misitu tunayo, na babu zetu walijua kuteleza. Tuwarudishe watoto kwenye skii. Wakachonga njia za kutelezea misituni, wakajenga viwanja vya shabaha, mmoja katika mji wa Fort Kent na mwingine Presque Isle, wakapeleka walimu shuleni. Mwaka 2004 Fort Kent ukaandaa Kombe la Dunia la biathloni. Na mwaka 2006 Michuano ya Dunia ya Vijana ikaja Presque Isle, mji wenye watu wasiofika 10,000.

Hebu piga picha ya mambo hayo. Miaka kumi na miwili tu baada ya Loring kufungwa, vijana wa Urusi walitua katika kaunti ileile ambayo kwa miaka mingi ndege zake zilikuwa zimeelekezwa kwao. Walikuja na bunduki, naam, lakini bunduki ndogo, mdomo juu. Waliohitajika kuandaa njia, kuhesabu shabaha, kupika na kuendesha magari walikuwa wenyeji wa kujitolea, wakulima, walimu na wazee. Michuano ile ilirudi tena Presque Isle mwaka 2014. Katika kijiji cha Stockholm, jirani na New Sweden, alitoka kijana aitwaye Russell Currier, aliyelelewa na mpango ule, akaiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 2014 na ya 2018.

Je, michezo iliponya majeraha yote ya kufungwa kwa kambi? Haikuponya. Watu wa Aroostook waliendelea kupungua. Na mwaka uleule wa 2014 mfuko wa Libra ulitangaza kwamba unaacha kutoa fedha zake kwa kituo kile, na wenyeji wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kukiendesha. Nalieleza hili kwa sababu mara nyingi tunahadithiwa nusu ya kwanza ya hadithi kama hizi, ile ya kukata utepe, na nusu ya pili tunaachiwa tuigundue wenyewe. Mpango wa vijana unaotegemea mkono mmoja hauna tofauti na mji unaotegemea kambi moja. Mkono ukiondoka, mnarudi mlikoanzia.

Wala tusidhani kwamba jeshi liliondoka kabisa katika mchezo huu. Ujerumani, Italia, Austria na nchi nyingine, wachezaji wengi wazuri wa biathloni huajiriwa na jeshi, na polisi au na idara ya forodha, wakalipwa mshahara ili wafanye mazoezi. Kijana anayepanda kutoka michuano ya vijana mara nyingi huvaa sare ili apate kula. Sisemi ni vibaya; ni ajira ya halali, na pengine bila hiyo wengi wangeacha. Nasema tu kwamba mlango uliofungwa mwaka 1978 haukupigwa misumari.

Na mwaka 2022 tulikumbushwa. Mwezi Februari mwaka huo Michuano ya Dunia ya Vijana ilikuwa ikifanyika Marekani, katika jimbo la Utah, mahali paitwapo Soldier Hollow, yaani bonde la askari. Tarehe 24 Februari, vijana wakiwa katika siku za mashindano, majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine. Mwanzoni mwa Machi chama cha kimataifa cha biathloni kiliwafungia nje wachezaji wa Urusi na Belarus. Siku zilezile ikatangazwa kwamba Yevhen Malyshev, aliyewahi kuichezea Ukraine katika biathloni ya vijana, ameuawa vitani akiwa askari wa nchi yake. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Miaka kumi na tisa, wasikilizaji. Ndio umri aliokuwa nao Bjørndalen pale Ruhpolding alipochukua ubingwa wa vijana. Mmoja alikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya mchezo mbele yake. Mwingine, ambaye naye alikuwa amefundishwa kulala juu ya theluji, kutuliza pumzi na kulenga shabaha ya milimita 45, alipewa bunduki nyingine na adui wa kweli. Hakukosea yeye. Walioamua vita vile hawakuwa vijana.

Wapo wanaosema kwamba mchezo wenye bunduki ni unafiki, kwamba unawazoeza watoto silaha huku ukihubiri amani. Nimeifikiria hoja hiyo, na sikubaliani nayo. Kama tatizo lingekuwa bunduki ya mchezo, basi mkuki wa riadha ungekuwa tatizo, na upinde, na ndondi, na hata mbio zenyewe, maana mjumbe wa vita alikuwa mkimbiaji. Karibu kila mchezo wa nguvu una babu yake vitani. Kilichotenganisha Simostranda na uwanja wa vita ni maamuzi: bunduki ipi atumie kijana, risasi iingizwe wapi, mwalimu awe nani, dawa gani asipewe, na uwanja usibakie mali ya mkubwa mmoja. Maamuzi hayo yote huwa mikononi mwa watu wenye mvi.

Nasi huku, ambako theluji iko juu ya vilele vya milima tu, tuna viwanja vya shule vinavyogeuzwa kuwa maduka, tuna vijana wenye mbio wasio na mwalimu, na tuna mazoea ya kumkumbuka kijana anapohitajika kulinda kura au kurusha mawe. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Hawakutuambia tumkunje kuelekea wapi; hilo walituachia sisi. Wazee wa Presque Isle walijibu kwa kutwaa majembe na misumeno, wakaingia msituni kuchonga njia, kabla ya bingwa yeyote kutokea na kabla ya kamera yoyote kufika. Mwenye kiwanja mtaani kwake, na akaulinde.